Barua ya wazi kwa wakubwa wa Tabora: kabla hamjatulazimisha helmeti sisi wa baiskeli

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mstahiki Meya na waheshimiwa madiwani wa Manispaa ya Tabora, afande RTO mkuu wa trafiki mkoa, na mameneja wa TANROADS na TARURA, wale wakala wa barabara, wa mkoa wetu,

Shikamooni wakubwa zangu, na poleni na majukumu.

Naandika kuhusu hili la helmeti za baiskeli. Saivi ikitokea ajali ya baiskeli hapa mjini au barabara ya Nzega hazipiti siku mbili utamsikia mtu, tena mara nyingi ni mtu wa gari, anasema hawa wa baiskeli nao walazimishwe kuvaa helmeti kama bodaboda, asiyevaa alimwe faini, tatizo litaisha. Vijiweni wanasema, kwenye haisi wanasema, na mi najua maneno ya hivi yakizunguka sana mwisho wa siku yanakaa kwenye meza ya kikao, na nyie madiwani sheria inawaruhusu kutunga sheria ndogo zenu. Ndo maana nimeona niwahi. Ombi langu ni hili: msitunge sheria ya kumtoza faini mtu mzima kwa sababu hajavaa helmeti kwenye baiskeli. Sisemi helmeti ni mbaya, nitafika huko. Nasema sheria hiyo itamkamata anayegongwa na itamwacha anayegonga aendelee na safari yake.

Mi ni fundi baiskeli, niko Ipuli, na baiskeli ndo usafiri wangu wa kila siku. Na niliseme hili mapema kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine: helmeti nauza. Zikija kwenye mabelo ya mtumba nachukua chache nazining'iniza kwenye mwembe pale kibandani pamoja na tairi na tyubu. Wanunuzi ni wachache sana, mmishenari, mwalimu mmoja anayekimbia mashindano, vijana wa mazoezi ya asubuhi. Sheria ikipita kesho mimi ndo wa kwanza kupiga hela Tabora nzima, kwa hiyo mjue ninachoandika hapa kinanitoa pesa mfukoni.

Sasa niwaambie ninachokiona kazini. Baiskeli iliyopata ajali ikiletwa mi siulizi maswali mengi, naizunguka tu. Mtu aliyeanguka mwenyewe, labda breki imekatika kwenye mteremko au kaingia kwenye mchanga, baiskeli yake inakuja usukani umepinda, pedeli ya upande mmoja imekunjwa, ringi ya mbele inayumba kidogo, basi. Mtu aliyegongwa na chombo, baiskeli yake mbele unaweza kukuta nzima kabisa, ila ukienda nyuma ndo unaona kazi, madigadi yamekunjamana, keria imesukumwa mpaka chini ya siti, spoku zimechomoka, ringi haifai hata kwa toroli. Na kwangu mimi hizi za nyuma ndo nyingi. Muulize mwenyewe au ndugu yake ilikuwa saa ngapi, jibu halibadiliki sana, saa moja jioni, saa mbili usiku, au alfajiri saa kumi na moja watu wanapowahisha mkaa na nyanya na maziwa mjini.

Na kuna kitu kingine ambacho mtu wa gari hawezi kukijua. Baiskeli nyingi hapa kwetu, Phoenix na zile za Kihindi, zikitoka dukani zinakuja na rifleka nyekundu nyuma kwenye madigadi. Sasa we chukua gunia la mkaa, lifunge kwa mpira wa tyubu kwenye keria, lile gunia linashuka mpaka linafunika madigadi yote, rifleka iko ndani huko inamulika gunia. Kwa hiyo baiskeli yenye mzigo, ambayo ndo nzito, ndo inayoyumba, ndo inayokaa barabarani muda mrefu kwa sababu inaenda polepole, ndo hiyo hiyo isiyoonekana kabisa kwa nyuma. Taa nayo ina mambo yake. Zamani kulikuwa na dainamo, watu wakazitoa maana inasugua tairi na baiskeli inakuwa nzito kukanyaga. Siku hizi mtu anafunga tochi ya kuchaji kwenye usukani, anaona mbele, ameridhika. Taa ya nyuma hamna anayenunua, kwa sababu mtu akitoa hela yake anataka taa ya yeye kuona, taa ya yeye kuonekana haioni faida yake mpaka siku ile.

Kuna mama mmoja mteja wangu wa nyanya, anatoka vijijini huko upande wa Sikonge anakuja na matenga mawili. Aligongwa na gari dogo kwa nyuma wakati wa magharibi, gari halikusimama. Mume wake ndo alileta baiskeli, ameibeba begani kwa sababu ringi ya nyuma haizunguki tena, tenga moja bado limefungwa kwenye keria limepasuka na nyanya zimeganda kwenye cheni. Mama alivunjika nyonga. Kichwa hakikuguswa. Sasa hebu mniambie, ile siku angekuwa amevaa helmeti nzuri kuliko zote duniani ingemfanyia nini? Angekuwa amelala pale pale na nyonga yake, tofauti ni kwamba tungesema angalau alitii sheria.

Ila nisiwe muongo. Nina mzee mwingine, huyu keria ilimkatikia njiani, mzigo ukamvuta, akaanguka na kisogo kwenye ukingo wa karavati. Hamna gari, hamna pikipiki, ni yeye na karavati. Akawa wa kusahau sahau mpaka leo. Huyo helmeti ingemsaidia, tena sana. Utafiti unasema hivyo na mi siupingi. Kuna watafiti wa Australia, Olivier na Creighton, waliokusanya tafiti 40 zenye majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000 wakakuta aliyevaa helmeti uwezekano wa kuumia vibaya kichwani unashuka kwa karibu asilimia 70. Hilo si jambo dogo. Anayewaambia helmeti haisaidii kitu anawadanganya.

Lakini jueni inasaidia wapi. Helmeti ya baiskeli ukiifungua ndani hamna maajabu, ni lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, juu limevishwa plastiki nyembamba. Kazi yake ni kupondeka. Kichwa kikigonga chini lile povu linabonyea badala ya fuvu, likishabonyea limekwisha, haliinuki tena, hiyo helmeti ni ya kutupa hata kama kwa nje inang'aa. Na kiwango cha Ulaya wanachozipimia, ile EN 1078, wanaiangusha kwenye chuma bapa kwa mwendo usiofika kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu kuanguka na baiskeli yake. Haijatengenezwa kwa ajili ya fuso linalokuja na mzigo wa tumbaku spidi 80. Kwa hiyo aliyeanguka kwenye karavati, ndiyo. Aliyebebwa na gari kwa nyuma, anaweza kupona kichwa akafa na kifua.

Najua mtaniuliza, mbona bodaboda tumewalazimisha na imesaidia. Ni kweli, na naunga mkono kabisa, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka wavae na waendelee kuvaa. Pikipiki inajiletea mwendo wake yenyewe. Kijana akiwa na ile mashine na lami imenyooka anaweza kwenda 80, 90, akianguka peke yake bila kuguswa na mtu anakufa. Sasa mzee wa baiskeli mwenye madumu manne ya maji anaenda mwendo gani? Mtoto anayekimbia anampita. Hatari yake kubwa haiko kwenye baiskeli, iko kwenye kile kinachokuja nyuma yake.

Alafu tuangalie hao bodaboda helmeti zenyewe walivyozivaa baada ya kulazimishwa. Nyie wenyewe mnaziona, ingine mkanda umekatika, ingine imening'inia kwenye usukani mpaka amwone askari, na wengine wanavaa kofia za ujenzi, zile za njano za mafundi wa saiti, mradi kichwani kuna kitu. Hiyo ndo inatokea ukimfanya mtu anunue kinga kwa kumuogopa trafiki badala ya kujiogopea yeye mwenyewe, atanunua kinachomtosha trafiki. Na mi kama muuzaji nawaambia kabisa sheria ya baiskeli ikija soko la Tabora litajaa nini. Zitakuja za mtumba zilizoanguka huko zilikotoka, ufa uko chini ya plastiki hauuoni mpaka ubonyeze na kidole gumba usikie inalia. Zitakuja za plastiki tupu bila povu. Nani atakagua? Mteja wangu hajui, trafiki hatazifungua moja moja, na ile yenye ubora, mpya, bei yake inakimbizana na gunia la mkaa. Mnamwambia mtu anayebeba gunia kutoka porini umbali wote ule kwamba gunia la kwanza ni la helmeti yake, la watoto wawili wanaoenda shule na baiskeli ni mawili mengine.

Na faini mtaiweka ngapi? Bodaboda na bajaji mwaka 2021 serikali iliwashushia kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa sababu ilionekana inawaumiza, na wale wana chombo cha kuingiza hela kila siku. Huyu wa baiskeli mtamtoza ngapi, elfu tano? Hana. Mtashika baiskeli. Baiskeli ikilala kituoni wiki mbili, ile familia inakula nini, na mtoto anapelekwa kliniki na nini? Kodi ya kichwa ilifutwa 2003, naomba isirudi kwa mlango huu.

Afande RTO, sisemi vijana wako wana roho mbaya. Nasema tu hali ilivyo, askari akisimama barabarani, gari linalokuja kasi kulisimamisha ni kazi, linataka tochi ya spidi, linataka ushahidi, dereva ana simu ya kumpigia mtu. Baiskeli inasimama yenyewe. Mtu anashuka, anavua kofia, anasema shikamoo mkubwa. Mpe mtu yeyote kazi mbili za hivyo, moja rahisi na moja ngumu, zote zinahesabika kwenye ripoti, mwishoni mwa mwezi tutakuta ipi imefanyika sana?

Na haya si ya kwetu tu. Kaunti ya King kule Marekani, ambako ndo uko mji wa Seattle, walikuwa na sheria ya helmeti kwa kila mtu miaka mingi, waliokuja kuhesabu faini wakakuta karibu nusu zinakwenda kwa watu wasio na makazi, na watu weusi wanapigwa kuliko idadi yao, Februari 2022 wakaifuta. Hawakusema watu wasivae, wengi kule bado wanavaa, walichofuta ni ile sheria na faini zake. Israel waliweka 2007, kufika 2011 wakawaondolea watu wazima wa mjini. Jiji la Mexico nalo waliifuta 2010 walipotaka baiskeli za kukodi zifanye kazi. Walioshikilia ni Australia na New Zealand, na hao niwatendee haki, wana hoja. Jimbo la Victoria ndo lilianza dunia nzima, tarehe 1 Julai 1990, wanaovaa wakapanda kutoka kama asilimia 31 mpaka 75 ndani ya mwaka, na majeruhi wa kichwa wakapungua. Ila Melbourne walipohesabu watu barabarani wakakuta na waendeshaji wenyewe wamepungua, hasa vijana wa umri wa sekondari. Sasa majeruhi wamepungua kwa sababu ya helmeti au kwa sababu baiskeli zimepungua? Wataalamu wanagombana mpaka leo, zaidi ya miaka 30, na pande zote mbili ni maprofesa. Mi fundi sitawaamulia. Ninachojua ni kwamba kule kijana akiacha baiskeli baba yake anampeleka shule na gari. Kwetu akiacha baiskeli anatembea kwa mguu, au anaacha shule.

Na baiskeli zikipungua barabarani wanaobaki hawawi salama zaidi, wanakuwa hatarini zaidi. Kuna mtafiti anaitwa Jacobsen aliandika mwaka 2003 baada ya kulinganisha miji na nchi mbalimbali, kwamba penye waendeshaji wengi kila mmoja wao anakuwa na nafasi ndogo ya kugongwa, kwa sababu dereva anayewaona kila siku anakuwa anawategemea. Hili wala halihitaji kwenda Ulaya. Dereva wa Tabora mwenyeji anajua kuwa nyuma ya kila kona kuna baiskeli, anapunguza. Wanaotumaliza wengi ni madereva wa kupita tu, gari la mikoani ambalo dereva wake hajui kama hapa ni mji wa baiskeli, anaona lami nzuri mbele anatembea.

Watu wa Uholanzi wanatajwa sana kwenye haya mabishano, kwamba kule karibu hamna anayevaa helmeti na wako salama. Ni kweli lakini tusiitumie vibaya. Wale wana njia zao za baiskeli zimejitenga na magari, mtu anaweza kwenda kazini na kurudi asigusane na lori. Kumwambia mtu wa Tabora aende bila helmeti kama Mholanzi wakati hajapewa barabara ya Mholanzi ni utani mbaya. Mi natumia mfano wao kwa jambo moja tu, kwamba wao walianza na barabara.

Kwa hiyo barabara. Hapa mameneja wa TANROADS na TARURA mnisikilize maana ndo mko na ufunguo. Lami ilipokuja tulifurahi, Nzega hiyo, Sikonge hiyo, Urambo hiyo, tulikuwa tunakula vumbi na matope. Lakini lami imekuja na spidi, na bega la barabara, ile sehemu ya pembeni ambayo sisi ndo tunaitegemea, mahali pengi halipitiki. Kuna sehemu ni jembamba halitoshi baiskeli yenye matenga, kuna sehemu limeliwa na mvua lami imekatika kama hatua ya ngazi, ukishuka hupandi bila kuanguka, kuna sehemu malori yamelala, na kuna sehemu mchanga umejaa juu yake tangu masika na hamna aliyefagia. Sasa mtu wa baiskeli anafanya nini? Anarudi kwenye lami. Dereva anapiga honi anaona huyu mjinga kwa nini hakai pembeni. Pembeni ipi? Kufagia mchanga na kuziba makali ya lami si mradi wa mabilioni wa kusubiri mfadhili, ni koleo na fagio na kikundi cha vijana wenye ajira ya muda. Na mkija kujenga upya au kupanua, bega mlipime kwa baiskeli yenye mzigo, matenga mawili pembeni, siyo kwa baiskeli tupu kwenye mchoro.

Spidi. Sheria inasema 50 kwenye makazi. Kwenye vibao ipo, barabarani haipo. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari la 65 uwezekano wa kufa ni mara nne na nusu ya akigongwa na la 50, na mtu wa baiskeli mwili wake ni ule ule, hana bodi wala bampa. Februari 2020 mawaziri wa nchi mbalimbali walikutana Stockholm wakasema penye watu wa miguu na baiskeli wamechanganyika na magari mwendo ushuke mpaka 30. Mi siombi 30 Tabora nzima, mtanicheka. Naomba kwenye shule, masoko na pale barabara kuu zinapoingilia mji, tuta au rasta kabla ya kibao, siyo baada ya watu kufa ndo tuje kuweka tuta na wanakijiji wameshachimba la kwao la udongo usiku.

Rifleka ndo napenda kuliko zote kwa sababu ni rahisi mpaka inatia aibu. Kila mwaka tuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari yanakaguliwa, yanabandikwa stika, viongozi wanahutubia, sisi wa baiskeli tunaangalia. Mwaka huu njooni na mzigo wa tepu za rifleka, nyekundu na nyeupe, zile zinazobandikwa kwenye malori. Mafundi wa baiskeli tuko kila kona ya mji huu, Isevya, Ng'ambo, Cheyo, Kiloleni, Ipuli, tugawieni, sisi tutazibandika bure, na tutazibandika panapotakiwa, kwenye mkono wa pedeli ambako gunia halifiki na inapanda na kushuka dereva anaiona kabla hajaiona baiskeli, kwenye ringi za pembeni, na kwa wabeba mkaa tunamshonea kipande cha kamba chenye tepu anakitupia nyuma ya gunia kila akifunga mzigo. Mi tayari nafanya hivyo kwa wateja wangu wachache kwa vipande ninavyookota kwenye gereji za malori. Mtu huyo ukimpa tepu hakatai, haimtoi jasho, haimgharimu, haihitaji askari wa kumlazimisha. Baada ya hapo mkitaka kukagua kitu usiku, kagueni hiyo, na asiye nayo mumbandikie pale pale aende zake.

Watoto ni habari nyingine na hapo niko na nyie. Mtoto hajui kusoma barabara, kichwa chake kizito ukilinganisha na mwili wake, anaanguka mwenyewe sana, na kule kuanguka kwa mwendo mdogo ndo helmeti ilikotengenezewa. Nchi nyingi zilizowaachia watu wazima wamewabakishia watoto, Hispania kwa mfano mjini ni lazima kwa walio chini ya miaka 16, mkubwa ni hiari yake. Lakini hata hapo msianze na faini. Anzeni na helmeti zenyewe, zenye kiwango, TBS wale wa viwango wazione, kodi zake zishuke, shule zenye watoto wengi wa baiskeli wapewe. Mtoto akizoea kuvaa akiwa darasa la tatu hamtakuwa na haja ya kumkimbiza akiwa mtu mzima.

Na wakati wa hayo yote helmeti kwa mtu mzima ihubiriwe tu, ishauriwe kliniki, misikitini, makanisani, redioni, mimi mwenyewe nitaisema kwa kila anayekuja kujaza upepo. Mama anayevaa ushungi aonyeshwe jinsi ya kuivaa juu yake bila kulegea. Mrina asali anayetoka porini na ndoo mbili aelezwe kwa nini keria ikikatika kichwa ndo kinatangulia. Watu wazima wanaelewa wakielezwa, mtu anayeweza kufunga gunia mbili kwenye baiskeli moja na akafika nazo mjini si mjinga.

Jambo la mwisho. Kabla hili halijaingia kwenye baraza, naomba mfungue madaftari. Polisi wana yao, hospitali ya Kitete wana yao. Chukueni ajali za baiskeli za miaka mitatu tu, mziandike upya: saa ngapi, aligongwa au alianguka mwenyewe, aligongwa mbele au nyuma, alikuwa na kitu cha kumulika au hana, aliumia wapi. Kama daftari halisemi hayo basi lianze kusema kuanzia wiki ijayo, si kazi kubwa kuongeza mistari mitano kwenye fomu. Alafu ubandikeni huo ukurasa pale manispaa tuusome wote. Mkikuta wengi walianguka wenyewe wakafa kwa kichwa, leteni sheria yenu, mi nitanyamaza na ule mwembe wangu nitaujaza helmeti. Mkikuta walipigwa kwa nyuma gizani, basi tepu naomba ziletwe kabla ya mvua za Novemba, maana mvua ikianza mabega yote yanakuwa tope na sisi wote tunahamia kwenye lami.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi baiskeli, Ipuli, Tabora